Rudisheni Masizi Kwenye Gari la Maiti

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Kuzikana,

Wewe mtoto huna haya. Nakuita Ndugu Mwenyekiti kwa sababu barua ya chama lazima ianze hivyo, lakini tunajuana. Mimi ndiye niliyetolewa shule darasa la tatu ili nikubebe wewe mgongoni, na ukiona herufi zangu zinakwenda upande, ujue zilipindishwa na uzito wako. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, usome mwenyewe mpaka mwisho. Usimpe mkeo akusomee huku wewe unakula.

Nimeliona tangazo lako kwenye mlango wa ukumbi. Umeandika kwamba Jumamosi, mbele ya wanachama wote, Fundi Pumzi atapewa cheti cha shukrani “kwa kuboresha upitaji wa hewa katika injini ya gari letu.” Cheti! Mtu aliyenifanya nimkose Mama Cherehani kaburini, nisimtupie hata konzi ya udongo, anapewa cheti chenye muhuri. Naandika kupinga cheti hicho, na kuomba kwa heshima zote kwamba gari lirudishiwe uchafu wake kama ulivyokuwa, kabla hatujamzika mtu mwingine.

Najua utasema Dada haelewi mambo ya injini. Naelewa. Nilikwenda gereji mwenyewe jana, nikakalia tairi, nikamwambia fundi anieleze alichotufanyia. Kijana yule tunamwita Fundi Pumzi kwa sababu kila gari linalopelekwa kwake lina ugonjwa mmoja tu: halipumui. Hata ukimpelekea lenye mlango usiofunga, atasema kwanza halipumui. Akaniletea chuma chenye vidole vinne, kilichotolewa kwenye gari jingine, wanakiita manifoldi. Hewa inaingia kwa mlango mmoja, inagawanywa kwenye vidole, na kila kidole kinalisha chumba chake ndani ya injini. Cha gari letu, anasema, kilijaa masizi yaliyogandamana na mafuta kwa miaka ishirini na miwili, mpaka tundu la kupitisha yai likawa halipitishi kidole gumba. “Bibi,” akaniambia, “gari lenu lilikuwa linavuta hewa kwa mrija wa soda.”

Basi akakwangua kwa bisibisi, akaloweka kwenye petroli siku mbili, akakwangua tena. Akakuta gasketi, ile karatasi ngumu inayobanwa kwenye maungio, nayo ilikatwa vibaya tangu zamani, inachungulia ndani ya tundu na kuziba njia. Akakata nyingine. Palipokuwa na ukingo akapasugua kwa msasa, ili, namnukuu, hewa isijikwae. Hewa isijikwae! Mimi na goti langu nijikwae barabarani nikikimbiza jeneza, hilo halina shida, lakini hewa, mwana wa watu, isijikwae.

Na hapo ndipo ilipofichuka siri ambayo ingefaa ibaki bombani. Miaka yote hiyo tulikuwa tunajisifu kwamba gari letu lina adabu. Linatembea na watu, halimwachi mzee, halimwachi mwenye mtoto mgongoni. Mitaa mingine walituonea wivu, wakasema angalieni wenzetu wanavyowastahi maiti wao. Kumbe haikuwa heshima. Ilikuwa pumu.

Sasa soma madai yangu. Nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

1. Mwendo. Jumanne tulimtoa Mama Cherehani kwake, jirani yangu wa ukuta mmoja kwa miaka arobaini na moja, aliyenishonea kila nguo niliyovaa tangu niolewe. Dereva akakanyaga mpaka chini, kwa kuwa kwa miaka yote aliyoendesha gari lile, kukanyaga mpaka chini ndio ulikuwa mwendo wa maziko. Gari likaruka kama limechomwa sindano. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuinua mguu. Akanijibu bila kupepesa macho, “Mama, nikikanyaga nusu naona kama namdharau marehemu.” Huyo ndiye dereva uliyemchagua wewe. Nilimwona rafiki yangu akikata kona ya kiwanda cha matofali peke yake, vumbi nyuma. Mwanamke ambaye hakuwahi hata siku moja kumaliza nguo kwa tarehe aliyoahidi, siku hiyo ndiyo aliyoamua kuwahi.

2. Nyimbo. Wimbo wetu wa kusindikiza una beti nane. Katika ubeti wa kwanza marehemu anazaliwa, wa pili anaugua, na kadhalika mpaka wa nane anapopumzika. Jumanne gari lilifika makaburini waimbaji wakiwa kwenye ubeti wa pili. Kwa hiyo mkamshusha kaburini, kwa mujibu wa wimbo, bado anaumwa.

3. Moshi. Hili nalisema kwa uchungu, na naomba lisisomwe mbele ya wajukuu. Gari likiwa limeziba lilikuwa linatoa moshi mweusi mzito, na sisi tuliotembea nyuma yake tulikuwa tunalia vizuri sana. Kila mtu alilia. Wakwe walilia, wapangaji walilia, hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula walifuta macho. Sasa moshi hakuna, kila mmoja anatumia machozi yake mwenyewe, na tumeona. Mkwe mkubwa wa Mama Cherehani alifika makaburini na macho makavu kama amekwenda kupima kiwanja. Chama kina kazi ya kuwasitiri watu, Mwenyekiti, na ule moshi ulikuwa unatusitiri.

4. Kamati ya Kusukuma. Tuna vijana sita wenye beji. Uliwakabidhi beji hizo wewe mwenyewe, na ulitoa hotuba ndefu mpaka viti vikatuchosha. Kazi yao ni kusukuma gari kwenye kilima, kwa kuwa gari halikuwahi kupanda kilima kile kwa nguvu zake tangu linunuliwe. Kusukuma huko kulikuwa na fahari yake. Mama akimwona mwanawe bega likiwa kwenye gari la chama, anajua amekua. Jumanne walijipanga chini ya kilima, mikono tayari, gari likawapita wakabaki wamesukuma upepo. Mmoja alianguka kifudifudi. Sasa unawaambia nini? Wavae beji wakakimbie?

5. Wachimbaji. Waliambiwa tutafika saa tisa, kama siku zote. Gari liliwakuta saa nane na robo wamo ndani ya shimo, wanakunywa chai. Marehemu akasubirishwa mlangoni kwake mwenyewe mpaka watu wamalize vikombe. Halafu kwa sababu ya aibu wakachimba haraka, wakazika haraka, na mimi nilipofika ninahema, nikimshika mkono muuza mkaa nisiyemjua hata kabila, nilikuta wanapigapiga juu ya kaburi kwa mgongo wa koleo.

6. Maneno. Hili ndilo lenyewe, na kama umechoka kusoma, kanawe uso urudi.

Unajua tunavyofanya sisi wanawake tunapomsindikiza mtu. Kuanzia mlangoni pake mpaka chini ya kilima, tunamsema. Tunayatoa yote, alivyokopa sufuria na kulirudisha limetoboka, alivyomnunia wifi yake miaka mitatu. Tunayamwaga barabarani ili asiende nayo. Tukifika kilima, gari linapoanza kusukumwa, tunanyamaza kidogo, na kuanzia pale mpaka kaburini ni sifa tupu. Ndiyo maana hapa kwetu hakuna anayezikwa vibaya. Kilima kinamsafisha.

Basi Jumanne nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Nilikuwa kwenye habari ya gauni langu la bluu, alilonibana kifuani mwaka ule wa harusi ya binti yangu, nikakaa sherehe nzima bila kuvuta pumzi, halafu akaniambia kosa ni langu, nimenenepa usiku ule ule. Nilikuwa nalieleza gauni hilo kwa sauti, wenzangu wanacheka, ndipo gari likaondoka. Wao wakakimbia. Mimi nikabaki. Nilitembea dakika hamsini, nisipate mwenza ila yule muuza mkaa, na gauni la bluu mdomoni. Sikuwa nimefika kwenye yale aliyonifanyia nilipofiwa na mume wangu, alivyoleta cherehani chumbani kwangu akashona hapo wiki mbili ili nisilale peke yangu. Sikuwa nimelisema hata neno moja la hayo. Rafiki yangu amekwenda na la mwisho alilosikia kwangu ni gauni. Na wewe unampa mtu cheti.

Kwa sababu hizo sita naomba, bila kumkosea mtu adabu:

Masizi yarudi. Fundi anasema aliyamwaga shimoni, na hilo lisiwe kisingizio, kwa sababu nimekwangua sufuria zangu zote na nimejaza kopo moja kubwa, masizi safi ya kuni. Nayatoa kwa chama bure. Gasketi ile mbovu nayo irudishwe mahali pake, ichungulie kama ilivyokuwa inachungulia.

Pia, Fundi Pumzi azuiwe kugusa mali nyingine yoyote ya chama. Nimemwona anayaangalia madirisha ya ukumbi kwa jicho ninalolijua. Toroli la kubebea udongo tulifungie. Hata mimi mwenyewe nilikohoa pale gereji, akanitazama kifua, akacheka, “Bibi, na wewe nikufungue?” Nilimtupia msasa wake.

Na kama masizi yatakataa kushika, basi ipitishwe sheria kwamba mwanachama mwenye goti bovu kuliko wote atembee mbele ya gari, katikati ya barabara, na gari lisimpite. Mwanachama huyo namfahamu. Yuko tayari kuanza kazi.

Hayo nimeyaandika nikiwa na akili zangu. Nisalimie wifi yangu, mwambie chungu chake bado ninacho. Wasalimu watoto, Katibu, waimbaji wote wanane na yule wa tisa anayefungua mdomo tu. Wasalimu wachimbaji, waambie chai wanywee nje ya shimo. Fundi Pumzi usimsalimu.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja, mwanachama tangu tulipokuwa tunabeba maiti kwa mkokoteni.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha hii, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, ndiyo maana imekunjamana.

Leo asubuhi nilimwita dereva aje achukue barua akuletee. Akaja na gari la maiti, maana anasema tangu lifunguliwe anatafuta sababu ya kuliendesha. Nikamwambia kabla ya barua anipeleke kwanza makaburini nikamalize jambo langu. Nikakaa mbele. Dereva akakanyaga mpaka chini.

Mdogo wangu, nilishika dashibodi kwa mikono miwili nikaita majina ya wazazi wetu wote wawili. Watu barabarani walipoliona gari la maiti wakavua kofia, nami nikawapungia mkono, na mama mmoja akakaa chini hapo hapo. Kwenye kilima halikupunguza hata kidogo. Nilimwambia dereva apunguze, na tulipofika juu nikamwambia ashuke tupande tena. Dakika nne, mlangoni kwangu mpaka kaburini, na goti halikujua kama tumesafiri.

Nilikaa na Mama Cherehani mpaka jua likawa kichwani. Nilianza na ubaya kama kawaida, gauni nikalimaliza lote, hata vifungo. Halafu nikamwambia yale mengine. Sikuharakishwa na mtu. Nikamtupia udongo wake, konzi tatu, ya pili kwa niaba ya marehemu mume wangu. Dereva alinisubiri kwa adabu, akasinzia.

Njiani kurudi nikapiga hesabu. Dakika nne kwenda, dakika nne kurudi. Kabla waombolezaji hawajamaliza kujipanga na kugombania nani ashike maua, gari hili limeshakwenda na kurudi. Lile la zamani, lenye adabu, lilikuwa halifanyi safari mbili hata kwa wiki.

Nimesikia fundi viatu wa kona ametutoka, na kesho Ijumaa mnamzika. Sikiliza sasa. Kopo langu la masizi nimelimwaga. Cheti mpe kijana, lakini mkono wake autie breki, asiguse kitu kingine cha chama. Kesho saa saba kamili gari lije kwanza mlangoni kwangu. Tutakuwa wazee watano wenye magoti, pamoja na viti vyetu na birika. Litupeleke makaburini, litushushe kivulini, halafu ndipo lirudi likamchukue fundi viatu. Yeye akingoja hachoki. Tutamsema pale pale tukimsubiri, kwa utulivu, na atakapofika tutakuwa tumeshaingia kwenye sifa. Safari ya kwanza ni ya wazee, ya pili ni ya marehemu: liandike kwenye kitabu cha chama leo hii, piga muhuri, na Jumamosi ulisome kwa sauti ukiwa umesimama.