Breki za Basi kwenye Kilori Changu

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ametoa uamuzi. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Alisema huku akikunja shuka: kilori kikipata kazi ya kudumu wiki hii, sawa. Kisipopata kinauzwa, nami naenda kuwa utingo kwenye gari la kaka yake.

Utingo! Mimi niliyefaulu fizikia! Kupakia, kushusha, na kuning'inia nyuma nikipiga bodi kwa kiganja ili shemeji ajue kurudi kinyumenyume.

Kazi ipo. Mwenye duka la vioo, ambaye watu wote humwita Bi Vioo, anatafuta gari. Ghala lake liko juu ya kilima, duka liko chini, na katikati ni ule mteremko ambao hata waendesha baiskeli hushuka wakikokota. Nilimwendea asubuhi. Mwanamke wa maneno machache, vidole vimejaa plasta. Akanieleza utaratibu wake. Kila dereva anayeomba kazi huwekewa nyuma ya gari beseni la maji, limejaa hadi ukingoni, bila kamba. Anatoka ghalani, anashuka mteremko wote, anasimama mbele ya duka. Atakayefika na maji mengi ndiye atakayebeba vioo. Jumamosi. Waombaji ni wawili.

Wa pili ni shemeji. Hata haihitaji hiyo kazi! Ana kazi za kumwaga. Anataka tu kunikata maini. Yeye ananiita shemeji, nami namwita shemeji, na kila mmoja wetu hulitamka kama tusi.

Nimewaza kutwa nzima, kwa utaratibu. Hoja yangu ni hii. Mtihani unaishia kwenye kusimama. Kinachosimamisha gari ni breki. Kwa hiyo mwenye breki kubwa zaidi ndiye atakayesimama vizuri zaidi. Nimeipitia mara mbili, haina tundu.

Jumanne, 4 Juni

Kwa muuza vyuma chakavu. Nimepata breki za mbele za basi la abiria. Si basi dogo. Lile la safari ndefu, lenye choo ndani. Diski zake pana kama sinia la arusi, na kalipa zake, yale makucha ya chuma yanayozibana, kila moja inabebwa kama mtoto aliyelala.

Muuza vyuma aliuliza basi langu ni la njia gani. Nikamwambia ni kilori. Alicheka mpaka ikabidi akalie injini. Watu wa vyuma hawana upeo.

Nikampelekea fundi wangu. Mafundi wengine walinikatisha tamaa zamani kwa kusema hapana. Huyu ukimwuliza lolote hujibu kwamba inawezekana, bosi, na jina lenyewe limemkaa: Inawezekana. Nilimwuliza kama breki za basi zinaingia kwenye kilori. Hakuangalia breki, hakuangalia kilori. Akajibu.

Nyumbani nimesema gari lipo gereji kwa kubadilishwa oili. Mke wangu alisema amesikia. Hakusema ameamini.

Jumatano, 5 Juni

Breki zimeingia! Magurudumu hayaingii.

Diski ni kubwa kuliko nafasi iliyo ndani ya rimu. Inawezekana alijaribu nyundo. Alijaribu nyundo kubwa zaidi. Halafu akanijia akijifuta jasho na habari kwamba breki haina kosa, mwenye kosa ni gurudumu. Nikapenda mtu anayefikiri hivyo.

Kwa muuza vyuma tena. Magurudumu ya gari la kusambaza maji. Makubwa, mazito, ya heshima. Bahati mbaya alikuwa nayo mawili tu, kwa hiyo tumefunga ya mbele. Inawezekana alikata bati la matairi kwa msumeno ili yapate pa kuzungukia. Sasa pua ya kilori imeelekea mbinguni na makalio yamebaki chini, kama mbwa anayeomba mfupa.

Shemeji akapita wakati huo huo. Kwa nini hupita wakati huo huo? Alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaniuliza, "Shemeji, kimeona nyota?" Nikamjibu kwamba ni mtindo mpya, asiyesoma hawezi kuuelewa. Akasema kweli kabisa, shemeji, na akacheka hadi alipokata kona. Nilikuwa namsikia.

Mke wangu naye alikiona kilori alipopita kuelekea sokoni. Aliuliza mbona kimebinuka. Nikasema ni oili mpya, bado haijashuka. Alinitazama kama anavyotazama nyanya za muuzaji asiyemwamini.

Alhamisi, 6 Juni

Jaribio la kwanza, palepale uani mwa gereji. Nikawasha. Nikaenda taratibu sana. Nikakanyaga breki.

Pedali ikashuka mpaka sakafuni bila kukutana na kitu chochote. Kama kukanyaga uji.

Kilori kikaendelea, kwa adabu, bila haraka, kuelekea kibanda cha kinyozi. Nilipiga honi. Nilipiga kelele. Kinyozi alitoka mbio, na nyuma yake mteja wake, amejifunga taulo, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Bampa ikaugusa mlango, ukaanguka ndani. Kilori kikasimama. Nikamwambia kinyozi kwamba mlango wenyewe ulikuwa unaelekea huko. Mteja akataka kujua nani atamalizia kichwa chake. Kinyozi alikuwa ameinamia mlango wake, kwa hiyo mteja aliondoka vilevile.

Inawezekana akagundua chanzo. Ile pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki, masta silinda, ni ya kilori. Inasukuma kijiko cha mafuta, na kalipa za basi zinataka kikombe. Yaani kosa si la breki kubwa, kosa ni la pampu kukosa ukubwa. Nililijua hilo. Lilikuwa kwenye fizikia. Nilikuwa nalisubiri lijitokeze.

Kwa muuza vyuma. Masta silinda ya gari la kuvuta magari mabovu, na kikuza nguvu cha basi ili mguu usichoke. Muuza vyuma hacheki tena. Ananitengea kiti.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi!

Jaribio la pili lilikuwa kwenye barabara iliyonyooka. Mimi usukani, Inawezekana amesimama nyuma ili asikilize milio. Nikaongeza mwendo, nikafika pale kwenye nguzo, nikagusa pedali. Niligusa tu.

Kilori kilisimama kama kimekumbuka kitu. Makalio yakanyanyuka, yakakaa hewani kidogo, yakarudi chini. Spana, chupa ya maji na viatu vyangu vya akiba vyote vikahamia kwenye kioo cha mbele. Nilipotoka kumwuliza Inawezekana amesikia nini, hakuwepo nyuma. Alikuwa juu ya paa la kabini, amelikumbatia, macho yamemtoka.

Alishuka kwa zamu, mguu mmoja halafu mwingine baada ya muda mrefu. Akasema, bosi, mbele kunashika na nyuma hakuna habari. Breki za nyuma ni zile zile za zamani, kwa hiyo mbele kukisimama nyuma kunataka kuendelea na safari. Nikamtuliza. Nyuma ni sehemu ya gari hilo hilo, kutazoea.

Akauliza, na beseni je? Nikamwambia atumie akili. Beseni limewekwa juu ya gari. Gari likisimama vizuri, beseni nalo limesimama vizuri. Alifungua mdomo, akaufunga, akasema inawezekana. Hakusema bosi.

Nikamweleza mke wangu kila kitu, kwa kuwa sasa ni habari njema. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniomba kitu kimoja tu: baba watoto, kesho shuka polepole, usifanye lolote. Nikamwahidi. Alinipigia pasi shati la bluu.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa nimetulia.

Watu walijaa mbele ya duka. Kinyozi alikuja, na yule mteja wake, amevaa kofia. Mke wangu alisimama kando ya mlango, mikono ameikunja. Bi Vioo alisimama katikati, mbele ya kile kioo kikubwa cha kujitazamia anachokitoa nje kila asubuhi ili wapita njia wajione walivyochoka na waingie kununua kidogo.

Shemeji alitangulia. Alishuka kama amebeba bibi arusi mwenye kichefuchefu. Ilibidi watu wapige miayo. Alipofika, Bi Vioo alichungulia beseni na kuonyesha kwa vidole: yamepungua upana wa vidole viwili. Shemeji akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Zamu yangu. Ghalani wakanijazia beseni. Kwa kuwa kilori kimebinuka, maji kidogo yalimwagika kabla sijawasha, wakanijazia tena. Watu wazuri.

Nikashuka. Na hapa nataka iandikwe wazi: nilishuka vizuri kuliko nilivyowahi kushuka popote. Gia ndogo. Injini yenyewe ilikuwa inanishika. Magurudumu ya gari la maji yalimeza kila shimo. Nilitazama kwenye kioo cha pembeni: maji yanatikisika kidogo tu, kama yanachekea moyoni. Nilifika chini na beseni zima! Kasi yenyewe ilikuwa inaisha. Bi Vioo alikwisha kuinua mkono na kutabasamu, na sijawahi kusikia mtu yeyote akisema ana tabasamu. Mke wangu alikunjua mikono.

Nilichobakiwa nacho ni kuacha tu gari lijiishie.

Lakini nani angejua? Nikajiuliza hivyo, na bado naona ni swali la haki. Basi zima limefunguliwa breki zake. Gari la maji limetoa magurudumu. Kinyozi ametoa mlango. Na watu wote hawa waondoke wakidhani kilori changu kinasimama kwa sababu kimechoka? Shemeji alikuwa ananitazama. Nikaongeza mwendo kidogo, ili wapate cha kuona. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili.

Gari lilisimama. Nasema lilisimama! Hakuna aliyekuwepo anayeweza kulikana hilo.

Beseni halikusimama. Lilipita juu ya kabini likiwa bado limejaa. Nililiona kwa jinsi kivuli chake kilivyopita kwenye boneti. Maji yote yalimkuta Bi Vioo, kuanzia kilemba mpaka kandambili. Beseni lenyewe likampita sikioni na kuingia katikati ya kioo kikubwa.

Halafu vipande vikaanza kudondoka kimoja kimoja, na katika kila kipande nilikuwemo.

Bi Vioo alijifuta macho. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, nilikuwa nimeshakupa." Akaingia ndani akiacha nyayo za maji. Shemeji naye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua ufagio.

Nyumbani mke wangu ameuliza swali moja. Ameuliza kwa nini. Nimeanza kumweleza kuhusu diski za basi, akatoka na kuwasha jiko.

Jumapili, 9 Juni

Kilori kimekwenda. Kimenunuliwa na muuza vyuma, lakini kwa sharti: breki zile ziondolewe kwanza. Alisema ameziuza mara moja, hataki kuziona tena katika maisha yake. Inawezekana alizifungua bila kusema neno lolote, hata lile lake.

Nimezileta nyumbani, pamoja na masta silinda yake, na kuzisukumia chini ya kitanda. Mke wangu amejigonga kidole cha mguu. Amesema mambo kuhusu ukoo wangu ambayo mengine sikuyajua.

Nimefanya tathmini, kwa utaratibu. Breki: hazina kosa. Dereva: hana kosa. Beseni: jepesi mno kwa gari la kiwango kile. Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza ya utingo. Shemeji amepewa kazi ya Bi Vioo, nami nimekwenda nayo kama kiraka. Nimepakia vioo, nimeshusha vioo, nimepiga bodi. Bi Vioo alinipa chai bila kunitazama. Shemeji, sina budi kukiri, alinikaribisha mbele, akaniambia, shemeji, yamekwisha, kaa hapa tule mkate. Akanimegea kipande kikubwa.

Ukarimu ule ulinigusa. Nilijisikia nataka kumfanyia jambo.

Ndipo nikamwangalia anavyoendesha. Kwenye mteremko huanza kukanyaga breki mapema, kidogo kidogo, kwa uangalifu mwingi, miguu kama anapapasa giza. Maskini! Mtu haendeshi hivyo kwa kupenda. Ni breki zake, ni dhaifu. Saa ya mapumziko nilichungulia nyuma ya gurudumu: diski ndogo kama kisahani cha kikombe. Na gari hili ni kubwa kuliko kilori changu. Rimu zake zina nafasi. Zile za basi zitaingia bila hata nyundo.

Alhamisi tunashusha kioo kimoja kikubwa kuliko vyote, cha ukumbi wa arusi, na Bi Vioo mwenyewe atapanda mbele ili akisimamie. Shemeji hulala chini ya gari jingine kila baada ya chakula cha mchana, na hulala usingizi wa kweli. Muda unatosha.

Hatasikia chochote kutoka kwangu. Nataka agundue mwenyewe, atakapokanyaga.