Bima ya Chumba cha Darini

Jumatatu, 3 Machi

Bado hatuna nyumba. Ofa yetu ilikubaliwa kabla ya Krismasi, muuzaji, Bwana Ormerod, akanipa mkono mlangoni kwake, nami kwa ujinga wangu nikadhani yamekwisha. Kumbe hapa Uingereza kupeana mikono si kitu. Mpaka mawakili wabadilishane mikataba, muuzaji anaweza kuamka asubuhi akamuuzia mwingine, na asiwe na kosa. Usingizi umenikimbia.

Heather ana mimba ya miezi saba. Tunaishi kwa mama yake, Bi Glenys, chumba cha nyuma, pamoja na cherehani yake na bundi wake wa kaure. Leo kwenye chai mama mkwe amekumbusha kwamba Gareth, mume wa binti yake mkubwa, alinunua nyumba kwa wiki sita na bei akapunguziwa. Jana alikumbusha pia. Nimeng'ata biskuti.

Nimempigia wakili wetu, Bi Thackray, mpaka akapokea. Kasema majibu ya halmashauri kuhusu barabara na mitaro hayajarudi, na kwamba kila nikipiga simu analazimika kuacha faili langu ili azungumze nami kuhusu faili langu. Jeuri!

Jumatano, 5 Machi

Majibu yamerudi. Barabara safi, mitaro safi. Nimerukaruka. Kumbe Bi Thackray hajamaliza. Chumba cha darini, ambacho Bwana Ormerod alikijenga mwenyewe miaka mingi iliyopita, hakina cheti cha ukaguzi. Chumba hicho ndicho cha mtoto!

Akanituliza. Jambo la kawaida, anakutana nalo kila wiki. Muuzaji atatulipia bima, na halmashauri ikija kusumbua siku za usoni, gharama zitabebwa na bima. Ila kuna sharti. Amelisema polepole, kama anayemtuma mtoto dukani.

"Bwana Pettifer, asiwepo mtu wa kuiuliza halmashauri kuhusu chumba hicho. Si wewe, si mkeo, si mama mkwe wako. Wakishajua tu, hakuna kampuni itakayotoa bima."

Nimesema nimeelewa. Heather naye kaniomba nisiguse simu. Sawa. Lakini mbona siri nyingi hivi? Huenda kosa ni kubwa. Na kama ni kubwa, bei inapaswa kushuka. Ikishuka, nitaitangaza kwenye chakula cha Jumapili, Gareth akiwa amekaa palepale.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango umekwenda kama nilivyoupanga! Nimejifungia chooni nikawapigia halmashauri kwa jina la Bwana Cuthbert, raia mwema anayejali usalama. Nimebana pua ili sauti ibadilike. Nimeuliza kijuujuu tu: mtu akijenga chumba darini bila cheti, inakuwaje? Mama wa upande wa pili wa simu, mpole ajabu, kasema inategemea nyumba. Nikampa anwani. Kasema atanijibu kwa barua pepe. Nikampa barua pepe.

Yangu. Ina jina langu lote.

Hilo limenijia wakati wa chakula cha mchana. Heather kauliza mbona nimekuwa mweupe hivi. Nimemjibu nimezaliwa hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Jibu limekuja. "Ndugu Pettifer au Cuthbert," limeanza. Halmashauri haina kumbukumbu yoyote ya chumba hicho, inanishukuru kwa kuwafahamisha, na itamtuma mkaguzi Alhamisi.

Saa moja baadaye, Bi Thackray kapiga simu. Kabla bima haijalipiwa anataka nithibitishe kwa maandishi kwamba hatujaigusa halmashauri. Nimemwambia printa ya mama mkwe imeharibika. Kisha nikaenda kuiharibu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata dawa. Kama hakuna ngazi, hakuna chumba. Bila ngazi, mkaguzi ataona dari tu, dari kama dari nyingine. Nimechukua misumeno, nikaenda kwa Bwana Ormerod, nikamwambia nimejitolea kumng'olea ngazi, bure, kwa kuwa yeye ni mzee na magoti yake si mazuri.

Kanitazama. Kanimiminia chai. Kabla sijaimaliza nikajikuta nimemwaga yote, mpaka habari za kubana pua.

"Kijana," alisema, "wanangu watatu wamelala mle juu mpaka wakaoa. Hakuna aliyeniuliza lolote. Leo wewe unayekitaka hicho chumba ndiye unayenishtaki?"

Nikatamani ardhi inimeze. Naye ana nyumba anayoinunua, ya chini isiyo na ngazi, karibu na dada yake huko Skegness. Mwenye nyumba hiyo naye ana anakokwenda. Mimi nikikwama, wote wamekwama. Nimerudi na misumeno yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Yamekwisha. Mkaguzi anataka milango ya kuzuia moto na ngazi mpya, kazi ya miezi. Hakuna tena kampuni ya bima inayotutaka. Bila bima, benki haitoi mkopo. Bwana Ormerod hawezi kusubiri, Skegness itampotea, basi kawakubalia wanandoa wanaolipa taslimu, wasiohitaji benki wala bima. Na amewapunguzia bei kwa ajili ya kile chumba! Punguzo langu!

Heather hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa kitandani akikunja vinguo vya mtoto.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, Wilf," akasema. "Ukae kimya mpaka tuhamie."

Akalia, nami nikalia. Mtoto wetu atazaliwa hapa, katikati ya bundi. Mama mkwe kasimama mlangoni, katutazama, kisha akaondoka bila kumtaja Gareth. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya kweli.

Jumanne, 8 Aprili

Tumepata nyingine! Ndogo, lakini ina bustani, na haina kitu darini isipokuwa tangi la maji. Ofa imekubaliwa. Heather ameanza kucheka tena, kidogo kidogo. Bi Thackray katupokea upya kwa makubaliano kwamba anazungumza na Heather peke yake.

Leo kamwambia kuna jambo dogo. Hati za zamani zinakataza kuongeza jengo lolote bila ridhaa ya ukoo uliouza ardhi ile enzi za bibi zetu, na jiko la nyuma liliongezwa kimyakimya. Kawaida kabisa. Itakatwa bima. Mradi tu asiwepo mtu wa kuutafuta ukoo huo.

Heather kanishika mikono yote miwili, kaniapisha nisimpigie mtu yeyote simu. Nimeapa kwa mtoto aliye tumboni, na safari hii sina mzaha. Siwezi kuvumilia kumwona akilia vile tena.

Lakini roho haitulii. Itakuwaje wakija siku moja kubomoa jiko, mtoto yuko kwenye kiti chake anakula uji? Nimeulizia. Ukoo wenyewe bado upo, jumba lao liko ng'ambo ya mto, na wanasifika kwa ukarimu. Simu sitapiga, nimeapa. Kesho nitakwenda mwenyewe, na keki.