Kiti cha Marehemu Clarence na Lami Mpya

Jumatatu, 9 Juni
Hatimaye! Mji umekumbuka mtaa wetu. Lami mpya, taa, na bustani pale ilipoungua nyumba ya kona. Na mjukuu wangu Keturah yumo kwenye kikosi cha lami, kwa majaribio. Ijumaa nyapara ataamua kama anaajiriwa au anarudi kukaa kochini kwangu. Nimemwambia waanze mlangoni kwangu. Akasema, Bibi, tunaanzia juu ya kilima, tena usiniharibie. Nimharibie! Mimi niliyemlea!

Jumanne, 10 Juni
Bi Stasia wa ng'ambo ya barabara anatangaza ati wataanzia kwake. Kawapelekea mafundi madonge yake ya unga, yale ya kujaza viazi na kabichi. Nami nikatoa pai mbili za viazi vitamu, za moto, mpaka mkononi mwa nyapara. Kala zote. Na madonge kala. Halafu kaanzia juu ya kilima. Mtu mzima, hana haya!

Jumatano, 11 Juni
Kesho ni zamu yetu. Wamebandika matangazo: magari yote yaondolewe. Mimi gari sina tangu mume wangu Clarence afariki. Lakini nafasi ya mbele ya mlango ni yetu, miaka arobaini na mmoja, na kiti chake cha buluu cha jikoni ndicho kinachoilinda. Nimekitoa nje, maana hapa kwetu ukiweka kiti barabarani, mwingine haegeshi. Asije mjinga akaegesha hapo, mtambo wa lami ukanipita. Bi Stasia akauliza dirishani nalinda gari gani. Nikamwambia alinde meno yake.

Alhamisi, 12 Juni
Wamekizunguka! Nilikwenda kupimwa presha. Narudi, barabara nyeusi inang'aa kama kiatu cha Pasaka, ila mbele ya mlango wangu pamebaki kipande cha mashimo yale yale, upana wa gari, na kiti kimesimama katikati kama askofu. Nikamfokea nyapara. Akasema, mama, mimi nimezaliwa mtaa wa pili, kiti cha mtu hakiguswi, mama yangu atafufuka anichape. Dereva wa mtambo akaitikia amina. Wanaume kumi na helmeti zao! Bi Stasia alicheka mpaka akashika uzio.

Kisha ofisi ikapiga simu, kile kiraka kimeachwa kwa nini. Nyapara akamtazama Keturah. Keturah akanitazama mimi. Mimi nikatazama kiti.

Ijumaa, 13 Juni
Saa kumi na mbili asubuhi nikatoka kumwambia nyapara kosa si la mtoto. Ni la kiti. Akangoja. Haya, ni langu! Akaninyooshea kidole, niangalie nyuma. Keturah alikuwa kakisogeza kiti cha babu yake kando, kapiga magoti mbele ya mlango wangu, tangu saa kumi na moja, anasawazisha kiraka kwa mkono, na mimi nilimpita na hasira zangu bila kumwona. Nyapara akalaza kipimo chake, akainama, akafunga jicho moja. Akasema hapa pamelala sawa kuliko kazi ya mtambo, na mtu wa namna hii yeye hamwachi aende.

Ameajiriwa! Kazi ya kudumu! Sikulia. Lilikuwa vumbi. Bi Stasia naye aliingiwa na vumbi, akaleta madonge. Nilikula manne, kwa adabu tu.

Jumamosi, 14 Juni
Bustani imefunguliwa. Taa zinawaka hata mchana, wanazijaribu. Miti ingali midogo, lakini upo mmoja wenye kivuli, na chini yake benchi moja zuri linalotazama mto. Mtaa mzima ulikuwa nje. Nikamwona Bi Stasia analipima benchi kwa makalio.

Nikaenda nyumbani, nikarudi na kiti cha Clarence, nikakipandisha juu ya benchi, upande wa kivuli. Upande wangu. Hakuna atakayekigusa.

Keturah anasema Jumatatu kikosi chao kinakuja kulipaka benchi rangi. Vizuri. Watakizunguka.