Omu Mia Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Namshukuru Mungu kwa afya na kwa masikio. Hasa masikio. Leo mwalimu wa kwaya katangaza kwamba fundi mitambo wetu anahama, na kiti cha kuongoza sauti kanisani kitabaki wazi. Moyo ukaniruka kama panzi! Miaka yote hii nimekuwa mbeba spika. Sasa zamu yangu!

Kumbe kinyozi naye anakitaka. Kinyozi! Mtu wa kuchonga visogo! Kaja na hedifoni shingoni kama ng'ombe mwenye nira. Nikamuuliza zina omu ngapi, neno nililolisikia kwa shemeji. Kasema thelathini na mbili. Nikacheka sana, ingawa omu ni nini sikujua.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi redio, kanifafanulia. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyoubishia umeme. Kaniazima zake za omu mia tatu. Kanionya kwamba kwenye simu zitasikika chinichini, zinataka mashine yenye nguvu. Ukishalinganisha ukubwa wa sauti, kasema, omu peke yake si ubora, ni jinsi zilivyotengenezwa… Mengine yalinipita. Nilikuwa nimeshazivaa.

Kweli, chinichini! Kama mgeni mwenye adabu. Si ndiyo siri yenyewe? Debe tupu ndilo huvuma. Omu nyingi, unyenyekevu mwingi.

Mke wangu kasema kama ubishi ndio ubora, basi yeye kaolewa na hedifoni bora kuliko zote.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezini nimewahubiria waimbaji habari ya ukinzani. Wamenisikiliza! Mpaka kinyozi, bila haya, kaniita Mzee Omu. Kauliza nikifungwa macho nitazitambua hizo mia tatu? Nikamwambia hata usingizini, bwana mdogo. Mwalimu wa kwaya kadakia hapohapo: vizuri, Jumamosi tuwajaribu wote wawili, na atakayesema kweli ndiye atakayekaa kitini. Shemeji atalinganisha ukubwa wa sauti, ili uchinichini usizifichue.

Mdomo uliponza kichwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejaribu nyumbani kwa mashine ya shemeji, macho yamefungwa, mke wangu akinibadilishia. Nimekosa. Nikarudia. Nikakosa tena. Hedifoni za binti yetu, zilizofungwa kwa plasta, nimezisifu mpaka machozi yakanilenga.

Nikapiga magoti. Jibu likaja nikiwa bado chini: mafuta ya karafuu ya mama mkwe, anayojipaka magotini! Tone moja kwenye mito ya masikioni ya zile mia tatu, na pua itasaidia masikio. Si udanganyifu. Mungu mwenyewe husema jisaidie nikusaidie. Nimepaka. Nimezivaa na kuzivua, kuzivaa na kuzivua, kuhakikisha. Harufu safi kabisa!

Jumamosi, 9 Machi

Ee Mola, nifiche.

Shemeji kazivika hedifoni zote mbili, za mia tatu na za kinyozi, vitambaa vinavyofanana, tusizitambue kwa kugusa. Kinyozi kaanza, mimi nikisubiri nje. Katoka mapema mno, nami nikajua kashindwa. Nikaingia nikitabasamu, nikafungwa macho.

Za kwanza: karafuu! Nikasema kwa utulivu, mia tatu. Za pili: karafuu! Nikaomba za kwanza tena. Karafuu! Hapo ndipo nilipoelewa. Jana nilizivaa mno. Masikio yangu yenyewe ndiyo yananukia!

Jasho. Nikaamua kuwazidi kwa maneno. Nikang'ang'ania kwamba nilizovaa ndizo mia tatu. Nikasema sikieni besi hiyo ilivyotulia, inavyovuma kwa mbali, sauti yenye malezi! Kisha shemeji kaniambia, kwa huruma, shemeji yangu, hizo sijazichomeka bado. Besi ilikuwa feni ya darini.

Na kinyozi je? Kumbe naye alivishwa zisizochomekwa, kasema hasikii kitu. Zilipochomekwa, kasema zote tamu, tofauti haioni. Mwalimu kasema huyo ndiye aliyesema kweli.

Mama mkwe hakuuliza matokeo. Kauliza nani kamaliza mafuta yake.

Jumapili, 10 Machi

Kinyozi kitini. Mimi nimekunja nyaya. Nimemwombea kwa moyo mweupe, nikaomba pia mitambo ikorofishe kidogo. Haikukorofisha. Mahubiri yalikuwa juu ya majivuno. Nilimtazama kinyozi muda wote, natumaini yalimfikia.

Lakini nimewaza. Zile zisizochomekwa, shemeji kanithibitishia, zilikuwa kweli za mia tatu. Basi ule ukimya! Ulikuwa safi, hauna hata vumbi. Ukimya wa omu thelathini na mbili hauwezi kuwa hivyo. Hilo hakuna aliyelipima! Nimemwomba shemeji anitafutie za omu mia sita. Kashika kichwa, bila shaka kwa kustaajabu.

Naandika nikiwa nimezivaa zile mia tatu, waya unaning'inia. Mke wangu kasimama mlangoni na mama yake, midomo inawacheza, mikono inapaa, nami sisikii hata neno. Huo ndio ukinzani! Nimewaitikia ndiyo kwa heshima zote. Sijui nimekubali nini.