Nani Kaikimbia Holloway?

Taarifa ya habari ilikuwa haijafika mwisho pale kwa kinyozi Thurman, Filadelfia ya Kaskazini, Meya akawa keshasimama. Jina lake Lavelle Tibbs. Umeya walimpa wenzake kwa sababu aligombea kila kitu mtaani, na hajawahi kupata hata uenyekiti wa kamati ya usafi.

"Wanaifunga Holloway!" alifoka. "Shule ya msingi ya baba zetu! Eti watoto wamebaki wachache, majengo yanakaa bure!"

"Hawathubutu," alisema Shemasi, povu limemjaa kichwani akisubiri wembe. "Holloway ndiyo iliyonifanya niwe hivi nilivyo."

Thurman akasitisha wembe, akamtazama juu mpaka chini. "Kaka, hiyo kesho kwenye kikao usiiseme. Utatuharibia kesi."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

"Cheka tu," alijibu Shemasi. "Wewe Thurman darasa la tatu ulikaa miaka miwili!"

"Nilikuwa nampenda mwalimu, bwana. Ningeondokaje?"

"Acheni masihara!" Meya alipiga meza, kahawa ikamwagika. "Kesho tunaingia pale kama simba. Tuwaulize, nani kawamaliza watoto wa Holloway?"

"Swali zuri," alisema Thurman taratibu. "Shemasi, wale mapacha wako wanasoma wapi?"

Shemasi akajikohoza. "Walipata nafasi ile shule inayochagua watoto kwa bahati nasibu. Mama yao ndiye aliyeng'ang'ania."

"Wangu yuko shule ya masista," alisema Thurman. "Na mjukuu wako Zakiyah, Meya?"

Meya akageukia dirishani. Mjukuu wake alipanda mabasi mawili kila asubuhi kwenda ng'ambo ya mto, na nafasi ile aliipigania yeye mwenyewe, kwa maneno yake yote ya kampeni.

"Kumbe mchawi tunanyoana naye," alisema Shemasi.

Kesho yake jioni walikuwa ukumbini Holloway, wamekalishwa kwenye vile viti vya watoto, magoti yanagusa masikio. Mama wa bodi ya elimu alieleza kwa upole, kisha akauliza nani pale ana mtoto anayesoma shule hiyo. Mikono ikanyanyuka michache, ya akina mama wa mbele. Simba wa kwa Thurman wakaangalia sakafu.

Meya alitaka kunyamaza. Lakini mama mmoja wa mbele akageuka, akawatazama, na macho yale Meya hakuyaweza. Akasimama. Kiti nacho kikasimama, kimemng'ang'ania nyuma.

"Mheshimiwa," alisema, akihangaika kukichomoa, watu wanacheka, "shule hii haikufa. Sisi tuliikimbia. Tena mimi nilitangulia, mjukuu begani, halafu nageuka nalalamika vumbi. Septemba, shule zikifunguliwa, Zakiyah anarudi hapa!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kisha sauti ikatoka mlangoni: "Baba! Zakiyah ni mtoto wa nani?"

Renita, binti yake, alikuwa bado na sare ya kazi ya hospitali. Meya akanywea.

"Ni wako, mama."

"Ahsante kwa kukumbuka." Renita akakitazama kile kiti, bado kinaning'inia. "Atarudi. Maana hayo mabasi yanamchosha mwanangu. Ila hesabu za nyumbani utamfundisha wewe."

"Mheshimiwa!" Thurman aliruka. "Ifungeni tu, mtoto ataangamia!"

Hata mama wa bodi alicheka. Bodi ikaipa Holloway mwaka mmoja zaidi. Septemba Zakiyah akaingia, na mapacha wa Shemasi wakamfuata, baada ya vita nyumbani.

Siku hizi alasiri Meya haongei siasa tena. Anaketi na mtoto kwenye kona ya Thurman, kalamu sikioni, jasho linamtoka.

"Nusu ukigawanya kwa robo, jamani, unapata nini?"

Wembe ukasimama. Wazee wakatazamana.

"Mbili, babu," alisema Zakiyah.

"Ndiyo hiyo!" walidakia wote kwa pamoja. "Ilikuwa mdomoni!"