Mbuzi Wangu Wawili na Mama wa Kawe

Mnisamehe makosa ya herufi. Mie niliishia darasa la saba, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Leo nimeumbuka.

Nachonga mbuzi na mjomba wangu huku Vingunguti, zile za kukunia nazi. Mjomba alinipa wiki moja: simu isipoleta mteja, Jumatatu nazibeba begani, napita mtaa kwa mtaa nikizinadi. (Mie hata hodi napiga kwa kunong'ona.)

Nikaweka tangazo kwenye kundi la kuuziana vitu: "Mbuzi wazuri wanauzwa, wapo Vingunguti." (Niliona "nzuri" ni Kiswahili cha mtaani.) Picha ikakataa kupanda, bando lilikuwa linaisha. Nikaiacha.

Jana mama mmoja wa Kawe akaniandikia.

"Wana meno?"

"Makali, mama. Mapya kabisa."

"Hawana kilema?"

"Hawana. Nimewakagua mmoja mmoja."

Nikataja bei. Akajibu upesi: "Usimpe mtu mwingine. Nachukua wawili." Nikamwambia mjomba. Akaguna tu.

Leo saa nne ikaja pikapu. Akashuka mama mtu mzima, nyuma yake mchinjaji na kisu chake. Ndani ya pikapu, kamba mbili na mzigo wa majani mabichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wako wapi?"

Nikamwonyesha. (Nilikuwa nimezipaka mafuta, zinang'aa.) Akazitazama. Akachungulia nyuma ya kibanda. Akarudi.

"Kijana, Jumamosi nina akika ya mjukuu. Nimchinje huyu?"

Mchinjaji akakaa juu ya moja, akapapasa chuma. "Meno anayo kweli, mama. Nyama ndiyo siioni."

Majirani wakatoka wote. Mjomba kainamia gogo lake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mie nilitamani nikunjwe kama zile mbuzi, niegeshwe ukutani.

"Nisamehe mama," nikasema. "Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza."

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akashika mlango wa pikapu. "Wali wa nazi si utapikwa? Lete zote mbili."

Akachukua simu yangu, akapiga picha, akaandika mwenyewe: "Mbuzi ya nazi." Akamgeukia mjomba: "Fundi, mwache na simu yake. Mie wa Kawe ningewajuaje nyie?"

Wakaondoka kwenda machinjioni kutafuta mbuzi wa kula majani yale. Mama, popote ulipo, asante sana.

Jumatatu sitembezi kitu. Mkimaliza kucheka niandikieni, hata salamu tu. Simu ikilia mjomba anauliza, "Mteja huyo?" na mie naona aibu kumwambia ni tangazo la bando.