Kirikuu Changu Kilivyosimama Mbele ya Mgeni wa Marekani

Leo nimeaibika, tena nikiwa juu. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa kwenye kiti cha dereva, mkanda nimefunga, na magurudumu ya mbele yameiacha ardhi ya Vwawa kama hayaijui.

Ngoja nieleze taratibu. (Mnanijua. Nimefundisha udereva miaka mingi, siwezi kueleza kitu haraka hata nyumba ikishika moto.)

Asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kirikuu changu. Kwa wasiokijua, kirikuu ni ile pikapu ndogo ambayo injini yake imekaa chini ya kiti, kwa hiyo mwezi wa saba huu na baridi yake ya Mbozi unapata joto la bure sehemu za kukalia. Kinabeba kahawa, kinabeba viti vya msiba, kinapita kwenye vinjia vya mashambani ambako gari kubwa hurudi kinyumenyume kwa huzuni.

Wakati huo nyuma kilikuwa na tangi tupu la maji, la plastiki. Nililinunua wiki mbili zilizopita. Halikushuka kwa sababu ni pana, linataka mikono miwili huku na miwili kule. Mimi ninayo miwili tu. Mke wangu, Mama Neema, yuko Mwanza kwa binti yetu aliyejifungua mapacha. Alikwenda kwa mwezi mmoja. Mapacha sasa wanatambaa.

Basi nikiwa nafuta, akapita mzungu mmoja kwa miguu. Mtu mzima kama mimi, mrefu, kofia pana. Akasimama mbele ya kirikuu akakitazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

"Habari za asubuhi, mzee mwenzangu. Hivi bado vipo?"

Kiswahili! Kumbe alifundisha hesabu huku zamani akiwa kijana, sasa amerudi kuwasalimia watu na amefikia Mbozi Mission. Anaitwa Danieli. Kwao Marekani analima maboga. Nami nikamwambia nimefundisha udereva.

"Kwetu pikapu ndogo kama hizi zimekwisha," akasema. "Yangu ni kubwa kama kanisa. Nikitaka kuweka ndoo nyuma, lazima nipande ngazi."

"Ngazi?"

"Ngazi. Natembea nayo ndani ya gari."

Nikamwonea huruma ya kweli. Akaendelea: wenye viwanda wanasema watu hawazitaki ndogo, wanataka kubwa. Watu nao wanasema, tutazinunuaje wakati hamzitengenezi? Majirani zake wanabishana hayo mpaka wananuniana. Halafu akanigeukia.

"Wewe ni mwalimu wa magari. Ungewaambia nini? Wazirudishe?"

Ndugu zangu! Mnajua ni lini mtu aliniuliza swali mara ya mwisho? Nikaweka kitambaa chini. Nikatoa vigoda viwili. Nilihisi nimerudishwa kazini.

Nikamweleza kwa sufuria, maana sufuria kila mtu anaielewa. "Bwana Danieli, gari ni sufuria. Unanunua kwa kuangalia walaji. Huwezi kuchemshia chai ya watu wawili kwenye sufuria ya harusi. Utamaliza kuni, na chai yenyewe utaitafuta kwa tochi."

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Kisha akasema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani: "Lakini ndivyo walivyo watu wa kwetu, Mwalimu. Wananunua gari la ile siku moja ambayo wageni watakuja."

Ndani nina sahani kumi na mbili kwenye kabati, na ninaosha moja.

"Utakula hapa," nikamwambia.

Akatazama saa. "Gari la kule nilikofikia linanipitia hapa barabarani saa saba. Kama chakula kitawahi, nitakula kwa furaha."

Ilikuwa saa tano na nusu. Maharage yalikuwa yameiva tangu asubuhi. Nikaingia jikoni kupima mchele. Mkono ukapima wa mtu mmoja. Nikaurudisha, nikapima wa wawili. Nikainjika kwenye jiko la mkaa, nikatoka nje nikiwa mwepesi kama kijana. Nilichotaka leo kilikuwa kidogo tu: mtu akae mezani kwangu, ale, aombe chumvi.

Hapo ndipo akatokea jirani yangu, Mama Tumaini, na binti zake wawili wenye nguvu.

"Mwalimu, leo hushuki mashineni? Nina magunia yangu ya mahindi hapo getini."

Nikaona bahati imenijia kwa miguu. Nikamwambia mgeni, "Sasa hutasikia tu. Utaona! Wali ukikauka tutakuwa tumeshapakia, nalipeleka gari barabarani, tunarudi kula." Yeye akatoa daftari. (Daftari! Mwanafunzi anayeandika ananilevya kuliko pombe.)

Sasa wewe unayejifunza udereva, sikiliza vizuri, na usikate tamaa ukikosea, maana hata mimi nimekosea. Pale uani tulikuwa watu watano. Mikono kumi. Lile tangi lingeshuka kwa pumzi moja. Lakini nikaona haya. Ningesemaje mbele ya mgeni, kwamba tangi limekaa garini wiki mbili kwa sababu sina mtu wa kushika upande wa pili? Nikanyamaza. Tangi likabaki palepale nyuma ya kibanda cha dereva, limejaza nafasi yote nzuri, uzito wake hakuna. Magunia yakapangwa pale palipobaki, yaani mkiani, mengine yamekalia mlango wa nyuma uliofunguliwa.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimeyapa magunia mgongo, namfundisha mgeni. "Kanuni ya kwanza, Bwana Danieli: mzigo mzito haukai mkiani. Mzigo unasogea mbele."

"Mwalimu," Mama Tumaini akaita, "mbona haya yote yako mkiani?"

"Mama Tumaini, niache nifundishe."

(Hilo jibu mniandikie kwenye kaburi.)

Nikapanda. Kutoka uani kwangu kwenda barabarani kuna mwinuko mkali. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi kwa ule utaratibu wangu maarufu. Kirikuu kikaanza kupanda. Kikapanda mbele peke yake. Kilinyanyuka polepole, kwa heshima, kama mzee anayesimama kuimba kanisani. Kwenye kioo cha mbele nyumba ya jirani ikashuka, mti ukashuka, nikabaki na mawingu. Nyuma, mlango ukagota chini, gari likazima. Kimya.

Kisha ukaja ule mlio wa bodaboda zinazosimama moja baada ya nyingine.

"Jamani, Mwalimu anapaa!"

"Mwacheni, anamsindikiza mzungu Marekani!"

Mmoja, niliyemfundisha mwenyewe, akaja chini ya dirisha. "Ticha, samahani, hapo inawekwa gia ya ngapi?"

"Unaweka frii na kuvuta hendibreki," nikamjibu. (Swali ni swali.) "Na usiache kukanyaga breki mpaka mzigo upunguzwe. Kinachotokea hapa ni kwamba uzito umepita nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo..."

"Mwalimu!" Mama Tumaini akapiga kelele. "Nyamaza kwanza tukushushe!"

Nikataka kufungua mlango nitoke. Akanizuia kwa mikono yote miwili hewani. "Usitoke! Wewe ndiye uzito pekee wa mbele uliobaki! Ukitoka kinalala chali!"

Basi nikakaa. Mtu mzima, nimeegemea kama niko kwa kinyozi, naangalia mawingu. Simu zilikuwa zimeshainuliwa, wanapiga picha. Hata hayo nilikuwa nayavumilia. Nilikuwa nimeanza kucheka nao.

Halafu nikasikia harufu.

"Wali!" nikapiga kelele. "Jamani, wali wangu unaungua!"

Danieli, mtu mwema, akaweka daftari mfukoni akauliza kwa sauti ya kusaidia: "Nani yuko ndani? Tumwite aepue."

Mama Tumaini ndiye aliyemjibu, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa amekumbatia gunia, anahema.

"Ndani hamna mtu, baba. Tangu Mama Neema aende Mwanza hamna mtu. Huyu kila asubuhi anaongea na hili gari. Sisi tunamsikia kupitia ukutani. Umeamkaje, leo baridi kali, leo tule nini."

Vicheko vikakatika.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoaibika. Walipokuwa wanacheka nilikuwa sawa kabisa. Walipoacha, nikatamani kirikuu kimalizie kuinuka kinipeleke moja kwa moja mawinguni. Yule kijana wa bodaboda akashusha simu yake taratibu, akaitia mfukoni, akaanza kushusha magunia bila mtu kumwambia. Wengine wakafuata. Binti mkubwa wa Mama Tumaini akakimbia jikoni. Wengine wawili wakaning'inia kwenye bampa la mbele. Kirikuu kikashuka kikatua kwa kishindo, meno yangu yakagongana.

Nilipotoka nikakuta wameshusha na tangi. Walifanya watu wanne, hata dakika haikuisha.

"Tuliweke wapi, Mwalimu?" wakaniuliza.

"Hapo pembeni ya nyumba," nikasema. Sikuongeza maelezo. Ni mara ya kwanza.

Wali ulikuwa umeshakuwa makaa, na kabla hatujajua la kufanya, honi ikalia barabarani. Saa saba. Lilikuwa gari kubwa jeupe, refu, Danieli alilipanda kwa kujivuta mlangoni. Akanishika mkono kupitia dirishani.

"Mwalimu, samahani, sikula."

"Hakuna neno. Lakini utawaambia nini kule kwenu? Wazirudishe?"

Akafikiri kama mtu mwenye daftari. "Nitawaambia wazirudishe. Na kila moja iuzwe pamoja na jirani."

Wakaondoka. Mahindi ya Mama Tumaini nikayapeleka mashineni, safari hii magunia yakiwa mbele kabisa, na watu njiani wakanipungia mkono kwa upole mno. Ule upole ndio unaouma. Ni heri wangezomea.

Niliporudi nikakuta picha imeshafika Mwanza, pamoja na yale maneno ya Mama Tumaini. Mama Neema ameandika: "Ni kweli unaongea na gari?"

Kila siku nikipiga simu namwambia mimi mzima, nina kazi nyingi, watu hawakatiki hapa nyumbani. Nikaanza kuandika hayo hayo, nikafuta. Mwisho nikamjibu: "Mara moja moja."

Ameshasoma. Naona pale juu anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Anaacha.

Ni saa kumi na moja jioni sasa, ukungu unaanza kushuka. Nimeinjika wali mwingine. Nimepima wa watu wawili tena, sijui kwa nini, na safari hii nimekaa palepale jikoni naulinda.

Niliyojifunza ni haya: ukiwa na tangi garini na watu wapo, sema. Na naomba sana msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia, aje achekee hapa kwangu. Wali unakauka sasa hivi.